Mwanga wa Bibi Ulifika

Tunduma, dukani, alasiri

Mwanangu Tusekile,

Sikuulizi hujambo, kwa sababu tumeachana asubuhi hii tu, wewe umeshika kipande cha muhogo mkononi na mama yako anakuhimiza uingie garini. Ninyi wawili sasa hivi mko Itumba mnamuaga Bibi. Mimi nimebaki kwa kisingizio cha king'amuzi cha mteja. Mteja hayupo wala king'amuzi hakipo. Nimefunga mlango wa duka kwa ndani, nimesogeza koleo na vipande vya waya pembeni, nimechukua kurasa zilizobaki katika daftari lako la fizikia la kidato cha nne, na nimekaa kukuandikia. Watu wanagonga, nawasikia. Wagonge tu.

Mambo ya sweta, mambo ya kula, mambo ya kutomfungulia mlango mtu usiyemjua, mama yako ameshayasema mara nne na leo njiani atayasema ya tano. Mimi nayaruka. Una miaka ishirini na minne, umesoma Dar es Salaam ukilala chumba kimoja na wenzako watano, sina cha kukufundisha kuhusu kufua soksi. Nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka kumi na mitano, na wewe umelibeba pamoja nami bila kunung'unika hata siku moja, na sitaki upande ndege nalo.

Lakini niache nijivune kwanza, maana nikianza na hilo jambo nitakosa pumzi ya kujivuna. Juzi alikuja yule dereva wa Zambia, yule mnene anayeleta redio ya lori lake kila safari kana kwamba naitengeneza kwa mate. "Mwashibukeni, bashi Tuse," akanisalimu kwa Kibemba chao, yaani umeamkaje, baba Tuse, "nasikia binti anaruka." Nikamwambia ndiyo, anakwenda kusomea namna ya kuzungumza na setilaiti kwa mwanga. Akasema, "Kwa tochi?" Nikamwambia ndiyo, kwa tochi, ila tochi ya watu waliosoma. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akaacha kucheka, akaniuliza tena taratibu, nami nikamweleza yote kama ulivyonieleza wewe, na alipoondoka alikuwa anatazama juu badala ya kutazama lori lake. Mwanangu, nimekuwa nikieleza mambo hayo kwa kila anayeingia humu. Mama yako anasema wateja wameanza kunikwepa.

Ulinieleza likizo ya mwaka juzi, unakumbuka, tukiwa juu ya paa la ile nyumba ya wageni karibu na maegesho ya malori. Mimi nakaza dishi, wewe umeshika dira. Ulisema mawimbi ya redio yanatapanyika yakisafiri, lakini mwanga wa leza unakwenda mwembamba, na humo ndani ya wembamba wake unabeba habari nyingi kuliko redio zote nilizowahi kufungua. Ulisema setilaiti inakimbia, kwa hiyo hupigi mwanga pale unapoiona, unapiga pale itakapokuwa. Na ulisema kabla ya kuzungumza lazima vitafutane: kituo cha ardhini kinamulika juu, setilaiti ikiuona ule mwanga inajibu kwa kumulika chini, na kila upande ukishajua kwamba mwenzake ameona, ndipo habari zinapoanza kupita.

Nikakuuliza swali la fundi. Nikasema, mvua kubwa tu inanigandishia picha kwenye dishi, watu wananitukana mpira ukikatika, sasa ninyi na mwanga wenu mawingu mtayafanyaje?

Ukajibu, "Mwanga haupiti kwenye wingu zito, Baba. Ndiyo maana hatuweki kituo kimoja. Tunaweka vingi, kwenye milima mbalimbali. Kimoja kikifunikwa, kingine kiko juani."

Ukaanza kuitazama dira kwa makini, na dira haikuwa na la kutazamwa. Nami nikageuka nikaanza kukaza bolti iliyokuwa imeshakazwa. Wote wawili tulijua tunafikiria mlima gani.

Itumba unaikumbuka, lakini ulikuwa mdogo, acha niviweke vitu mahali pake. Tulipanga nyumba chini, karibu na ofisi za wilaya, na hapo ndipo nilipokuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Nyumba ya Bibi ilikuwa, na bado iko, juu kabisa ng'ambo ya bonde. Kwa macho ungeweza kuhesabu mbuzi wake. Kwa miguu ni mwendo wa saa mbili, ushuke hadi mtoni kisha upande tena. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia kule. Babu yako, ambaye hukumkuta, alikuwa na desturi ya kuwaita wanawe kutoka shamba la mbali kwa kipande cha kioo na jua. Alipofariki, Bibi akaendelea na desturi hiyo kwangu mimi. Nilimpelekea kioo cha pembeni cha lori, nilichokiokota hapa Tunduma, nikakifunga kwenye mpini wa jembe ili akishike vizuri. Akimulika mara moja, chakula kipo, njoo ukipata nafasi. Mara mbili, kuna mgeni. Mara tatu, acha kila ulicho nacho uje. Na aliyeona alipaswa kujibu mara moja kwa kioo chake, ili anayemulika ajue kwamba ameonekana asiendelee kujichosha. Wewe nilikupa kioo kidogo cha baiskeli ulipotimiza miaka sita. Ulikwenda nacho shule mfukoni mwa sketi, na walimu wakakuchapa mara mbili kwa kumulika ubaoni.

Ulikuwa darasa la tatu siku ile. Masika yalikuwa yamekolea, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umejaa bondeni mpaka kwenye madirisha yetu. Mama yako alikuwa kwao Ndalambo, dada yake amejifungua. Angekuwepo yeye, nisingekuwa na barua hii ya kuandika, maana yeye angekusikia.

Nilikuwa juu ya paa la mfanyabiashara mmoja aliyenunua dishi la kwanza pale mjini, yale makubwa ya wavu ya enzi zile. Jioni kulikuwa na mechi ya fainali na nusu ya mji imejikusanya chini ya ngazi kunitazama. Mwanangu, hujawahi kuniona nikiwa mtu mkubwa kiasi kile. Nilikuwa na bisibisi mdomoni, na watu wazima, wenye suti, wananiita Mheshimiwa Fundi.

Saa nne ukaja mbio, miguu imejaa matope mpaka magotini. Shule yenu ilikuwa juu kilimani, na kilima kile kilikuwa kimetokeza juu ya ukungu. Ukasimama chini ya ngazi.

"Baba! Bibi anamulika! Mara tatu!"

Watu wakakugeukia. Mimi nikatazama ng'ambo ya bonde. Nyeupe tupu. Hata mti wa jirani sikuuona.

"Kwa ukungu huu? Umeona wapi?"

"Shuleni kuna jua, Baba. Anamulika mara tatu, anapumzika, anamulika tena mara tatu. Nimemjibu. Mwalimu amesema nije nikwambie."

"Rudi darasani."

"Baba, mara tatu ni—"

Mtu mmoja pale chini akasema, "Fundi, mtoto amechoka kusoma huyo," wakacheka wote. Hawakuwa na habari ya kioo chetu. Mimi nilikuwa nayo. Nilijua mara tatu ni nini kuliko mtu yeyote aliyesimama pale, na nilijua hujawahi kuniongopea. Lakini nilikuwa nimeshatazama kwa macho yangu mwenyewe nikaona hakuna kitu, na watu wanatazama, na mtoto wa darasa la tatu ananiambia kipo. Nikakupigia kelele kutoka kule juu, tena kwa sauti ya kuwafurahisha watu, nikasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Wakacheka zaidi. Ulisimama kidogo, ukanitazama, ukaondoka mbio. Sikushuka.

Jioni ulirudi jua limeshazama, nguo zimelowa. Ukaniuliza, "Baba, umekwenda kwa Bibi?" Mimi nilikuwa natoka kwenda kwenye mechi, kupongezwa. Nikakuzaba kibao kwa kuchelewa kurudi. Kwa mkono huuhuu unaoandika.

Asubuhi yake akaja jirani wa Bibi kwa miguu. Siku iliyotangulia majirani wote wa kule juu walikuwa wameshuka msibani, kijiji cha tatu. Alipopanda alfajiri akamkuta Bibi amekaa mlangoni, kioo kimelala mapajani. Alikuwa ameteleza nyuma ya nyumba akavunjika nyonga. Akajikokota mpaka mlangoni, akakaa juani, kwa sababu kule juu, mwanangu, kulikuwa na jua zuri kabisa, akaanza kumulika. Alikaa pale mchana kutwa na usiku kucha.

Guu lilivunjika kweli. Halikuwa la mtoto asiyesikia la mkuu.

Hospitali walifanya waliloweza, na Bibi akapona nusu, na fimbo unayoiona anatembelea ndiyo ya siku ile. Ukoo ukakaa kikao. Baba yako mkubwa alikuja kutoka Mbozi, akauliza swali ambalo ni yeye tu angeuliza, kwa sababu na yeye alikua akiitwa kwa kioo: "Mama hakumulika?" Nikasema, "Kulikuwa na ukungu. Pale Itumba kioo hakikuonekana." Kila neno lilikuwa kweli, na maneno yote pamoja yalikuwa uongo. Wewe ulikuwa umekaa nyuma ya mama yako. Ukainua uso ukanitazama. Nilitaka useme na niliogopa useme. Ukainamisha kichwa, ukaanza kuchezea pindo la kanga ya mama yako. Hivyo mtoto wa miaka tisa akamsitiri baba yake mbele ya ukoo mzima, na baba akakubali kusitiriwa.

Kabla mwaka haujaisha tukahamia Tunduma. Niliwaambia watu nimefuata biashara, na hapa kweli kulikuwa na biashara, malori usiku na mchana, kila mwenye duka anataka dishi. Lakini baadhi ya waliocheka chini ya ngazi walikuwa wameanza kuunganisha mambo, nikawa nikipita wananyamaza. Nilikimbia, Tusekile. Baba yako mdogo ndiye aliyerudi kuishi na Bibi, kazi iliyokuwa yangu.

Ungedhani mtu akishapata funzo kama lile anabadilika. Wapi! Unakumbuka yule mama mwenye mgahawa, ambaye picha yake ilikuwa inakatika kila siku mchana? Nilimwambia king'amuzi kibovu. Nikabadilisha. Ikakatika. Nikamwambia waya mbovu. Nikabadilisha. Mara ya tatu wewe, uko kidato cha pili na sare zako, ukasimama pale ukasema, "Baba, upepo ukivuma, mparachichi unasogea mbele ya dishi." Wiki nzima nilikuwa natafuta ubovu ndani ya kisanduku, tawi likanikulia mbele ya macho. Nilifanya nini? Nilikata tawi jioni, peke yangu, nikamwambia mama wa watu nimegundua tatizo. Nimegundua mimi! Ulisikia, ukatabasamu tu. Ningekuwa wewe ningepiga kelele.

Ndiyo maana siku ya usaili wako sitaisahau. Tulikwenda Mbeya penye mtandao wenye kasi, ukazungumza na walimu wa ng'ambo kwenye skrini, mimi nikakaa nyuma na chupa ya maji, nikijifanya nasoma gazeti. Kiingereza chao kilikuwa cha puani na nilishika robo. Lakini mzee mmoja mwenye miwani alikuuliza swali, nikaona jasho linanitoka mimi. Kisha ukamwambia kwamba hilo hulijui, na ukamweleza ungeanzaje kulitafuta. Yule mzee akatikisa kichwa kwa furaha kama mtu aliyepewa chai. Miaka thelathini ya ufundi, mimi sijawahi kumwambia mteja neno "sijui". Umelijifunza wapi, sijui. Unaona? Nami nimelisema.

Sasa nifike kwenye ile insha yako ya kuombea nafasi. Ulinipa niipeleke ikachapwe, na najua hukufikiria kama nitaisoma. Niliisoma siku mbili na kamusi. Umeandika vizuri, mwanangu, niliposoma kuhusu bonde letu nilisikia harufu ya matope. Uliandika kwamba bibi yako alikuwa kwenye jua akimulika, na kijiji kilikuwa chini ya ukungu, na ujumbe haukumfikia mtu yeyote, na kwamba tangu siku hiyo umetaka kujua namna ya kuufanya ufike. Walimu wa ng'ambo wakaipenda, wakakupa nafasi.

Lakini umewaandikia uongo, Tusekile, na uongo huo ni wangu. Hata kwa watu wa mbali ambao hawatanijua kamwe, bado ulikuwa unanisitiri. Ujumbe ulifika. Ulifika saa nne asubuhi, ukiwa na matope miguuni. Kituo cha pili kilikuwepo, juu ya ukungu, juani, na kilikuwa kinafanya kazi vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kukifunga mimi. Kilikuwa wewe. Mimi ndiye sikupokea.

Nisamehe. Nilipaswa kulisema neno hili ukiwa na miaka tisa, na ungelielewa hata wakati ule.

Jumapili iliyopita niliposema nakwenda kuangalia dishi Mbozi, nilikwenda kwa Bibi. Nilitaka kumwambia yeye kwanza, maana guu ni lake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza yote kwa Kindali chetu, paa, watu, kicheko, methali, kibao. Hakuinua macho kutoka kwenye ungo. Nilipomaliza akasema:

"Ulidhani sijui?"

Akasema, "Mtoto alinijibu. Nikajua ameona, na akiona lazima akwambie. Kwa hiyo nilijua umeambiwa."

"Mama, ulijua? Miaka yote hii?"

"Nilijua."

"Na hukuniuliza?"

"Nilikuwa nangoja habari hiyo uilete mwenyewe," akasema. "Umechelewa, lakini umefika."

Kisha akaniambia kitu ambacho hata wewe hujawahi kuniambia. Akasema ulipoondoka pale kwangu ulirudi kilimani. Akasema aliona kioo chako tena kabla ya saa sita, halafu mchana, halafu alasiri, kila akimulika unajibu, mpaka jua lilipozama. "Usiku ule sikulia," akasema. "Baridi ilikuwepo, maumivu yalikuwepo, lakini kuna mtu alikuwa ameniona." Kumbe ndiko ulikokuwa. Kumbe ndiyo maana ulichelewa kurudi, ukaja na nguo zimelowa, nami nikakupiga.

Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi la mbuzi, mtu mzima mwenye mvi. Niliporudi, Bibi akaniuliza kama huko uendako kuna maharage, na kama hakuna, wanakula nini. Nikamwambia sijui.

Njiani wakati wa kurudi nilikuwa na huzuni na majivuno kwa pamoja, na mpaka tunafika Mpemba majivuno yalikuwa yameshinda. Nikawa nafikiria: wenzako wataingia darasani huko kujifunza kwamba mwanga unaweza kubeba neno, na kwamba anayepokea lazima ajibu, na kwamba wingu likifunika hapa lazima kuwe na mtu pale. Wewe ulishayafanya kwa kioo cha baiskeli, ukiwa na njaa, siku nzima, baada ya baba yako kukucheka. Hakuna profesa atakayekupa cheti kikubwa kuliko hicho. Mimi nakupa, ingawa sina muhuri.

Huko utakutana na watu kama mimi. Wako kila mahali, na wengine wamesoma sana. Watatazama upande wao, wataona nyeupe tupu, watakwambia hakuna kitu. Sitakwambia ubishane nao. Ulinitazama, ukaniacha juu ya paa langu, ukarudi kilimani kwa sababu kulikuwa na mtu anamulika. Sijui kama kuna ushauri wa kuongeza juu ya hapo. Ila siku moja na wewe utakuwa juu ya paa, bisibisi mdomoni, watu wanakutazama, na mtu mdogo mwenye matope atasimama chini ya ngazi. Itakuwa siku nzuri, ndiyo hatari yake. Mimi nilikuwa nimefurahi sana siku ile.

Basi sikiliza mpango wa kesho. Barua hii utaikuta asubuhi juu ya begi lako, na mimi nitakuwa nimeshatoka. Isome kabla hamjapanda gari. Mama yako atakusindikiza mpaka uwanja wa ndege wa Songwe; mimi siji, kwa sababu nitalia mbele ya walinzi, na unanijua nikilia ninavyokuwa na makelele. Nitakuwa kwenye kile kilima chenye mnara wa simu kabla ya kuingia Vwawa, upande wako wa kushoto. Nimechukua kioo cha lori, kilekile, Bibi amenikopesha. Yeye nilimpelekea kipya. Jioni hii, mkishaondoka kwake, baba yako mdogo atampeleka Mlowo kwa shangazi yako, kwenye ile nyumba iliyo juu ya barabara, na kesho atakuwa barazani kwenye kiti, fimbo upande huu, kioo upande huu. Alisema mwenyewe, sikumwomba: "Wewe kaa kwako, mimi nitakaa kwangu. Ukungu wa mwezi huu hauna adabu."

Mwambie dereva apunguze mwendo sehemu zote mbili. Ukiwa na bahati utatuona wote. Wingu likinikalia mimi, utamwona Bibi, na itatosha. Kile kioo chako cha baiskeli kimo kwenye mfuko mdogo wa begi. Nilikuwa nakihifadhi kwenye droo ya chini, chini ya transista, tangu tulipohama. Ukiona mwanga, jibu mara moja, tujue.

Na huko ng'ambo, mwaka wowote, saa yoyote, ukiniambia umeona kitu ambacho mimi kutoka hapa nilipo sikioni, nitashuka paani.

Baba yako,
Fundi